Rota Si Yake

Shoga, dada amemfumania mumewe. Si na mwanamke, na mota!

Ile mota ya lifti ya hospitali, shemeji ndiye aliyeisuka upya nyaya zake. Leo dada, fundi mwenzake, kaiwasha karakanani bila mzigo, ikala umeme kupita kiasi. Akaingiwa na shaka. Usumaku huvuka hewa kwa taabu, pengo kati ya rota na ganda lake likiwa pana mota inabugia umeme.

Akaifungua. Rota, ile inayozunguka, si yake! Nyembamba!

"Umebadilisha?"

"Mke wangu, unanipeleleza?"

UNANIPELELEZA! Hakukana, shoga!

"Na mota ya lifti ya pili, uliyokwisha kuirudisha hospitali?"



Dada akapiga simu hospitali palepale: "Toeni watu kwenye lifti."

Shemeji alikuwa amesimama pembeni yake. Hakumzuia.