Mbwa Aliyerudishwa

Moroni, Jumanne

Karudishwa! Wenzake watatu niliowaokota bandarini wametulia kwa waliowachukua kule Mvouni, ila huyu. Mamluki wa kizungu, mmoja wa hawa walioishika nchi yetu, aliyemchukua juzi kamleta mwenyewe, bunduki begani.

“Nilitaka mbwa wa kubwekea wageni,” akafoka. “Huyu ananibwekea mimi!”

Nikaomba radhi huku nikijiuma ulimi nisicheke. Hata kuyaandika haya naogopa.

Mama, anayenilazimisha kunawa mara saba, moja kwa udongo, kila nikigusa mbwa, na aliyeapa mbwa hatakanyaga uani kwake, alisikia yote. Akangoja gari liondoke.

“Na sisi hatubwekei?”

“Hata kidogo, Mama.”

Akaingia jikoni, akatoka na kichwa cha samaki. Alikuwa amekitia kwenye bakuli la wageni.