Mama Nafuata na Kiti cha Sita

Jumatatu, 1 Machi 1993

Nimemuona. Hatimaye nimemuona huyo Leland Buckner kwa macho yangu.

Fundi bomba mstaafu. Mnene, shingo nyekundu, kijiti cha meno mdomoni tangu saa nne asubuhi mpaka saa nane. Hakitoi hata akinywa kahawa. Nilitarajia mtu wa kutisha kidogo. Hata hilo amenikosesha!

Mlangoni mwa klabu ya karata niliandikisha "Hisako" tu. Jina la ukoo, Tanimura, sikulitaja. Nani atajua? Hapa Gardena, California, mabibi vizee wa Kijapani wacheza karata tumejaa kama punje za mchele.

Meza yenyewe ni ile ile ya sita kwa kumi na mbili. Mume wangu Mits aliicheza miaka kumi na moja, mimi nikiwa nyumbani napasha wali moto. Ni poka: kila mtu karata mbili za siri, na tano za wote mezani, kwanza tatu, kisha moja, kisha moja; mwenye mpangilio bora anabeba. Dau limepangwa: dola sita raundi mbili za kwanza, kumi na mbili raundi mbili za mwisho. Hakuna kusukuma rundo lako lote ili umtishe mtu. Una mambo matatu tu — utupe karata, ufuate kwa kulipa dau lile lile, au uongeze.

Mimi leo nilijua moja. Nilifuata. Karata nzuri, nafuata. Mbovu, nafuata. Ilipofika saa sita Leland akatangazia meza nzima kwamba bibi huyu ni mkia wa ng'ombe, popote tunapokwenda yuko nyuma. "Tumwite Mama Nafuata!" Wakacheka. Nami nikacheka nao. Meno tu.

Novemba mume wangu alianguka kutoka kiti cha sita cha meza hiyo. Moyo. Alikuwa katikati ya mchezo. Kwenye mazishi bwana mmoja wa klabu alimnong'oneza mwenzake — hakujua niko nyuma yake na sinia ya chai — kwamba Buckner alikuwa anavuta chungu, yaani hela zote za mchezo, kifuani wakati Mits bado yuko sakafuni.

Nimelala na maneno hayo miezi mitatu na zaidi. Sasa nimekuja kukaa mbele yake.


Jumanne, 2 Machi

Nimeliwa tena.

Nilipewa ree na malkia, zote kopa. Karata tamu! Nikafuata tu, kama kawaida yangu. Watu watano wakaingia nyuma yangu kwa dola sita sita, kila mtu na takataka zake. Ree ikaja mezani. Nikajiona nimeshinda. Mwishoni fundi mapaa mmoja akafunua saba na tatu — saba na tatu! — jozi mbili, akabeba kila kitu. Leland akacheka mpaka kijiti kikacheza.

Mkahawani akanifuata mama mmoja wa Kiarmenia, Araxie. Alikuwa mshonaji, ana miaka sabini na minne, anacheza na glavu za sufu zilizokatwa vidole. Akaketi bila kukaribishwa na bakuli lake la supu.

"Mwenzangu, wale watano uliwaingiza wewe."

"Mimi? Nimewaita?"

"Ulifuata. Ukifuata umeacha mlango wazi, hata kuku wanaingia. Ungeongeza, mwenye saba na tatu angelipa mara mbili kuchungulia. Asingelipa."

"Na kama nimekosea?"

"Utalipa. Kwani ukifuata hulipi?"

Supu yake ilinukia vizuri na mimi sikuwa na njaa.


Alhamisi, 4 Machi

Wafalme wawili. Nikaongeza! Chipu moja, zile sarafu za plastiki za kuchezea, ikabingirika hadi kwa mgawaji, Phuong, akanirudishia kwa kidole kimoja.

"He! Mama Nafuata leo amekula nini?" Leland huyo.

Wote wakatupa, isipokuwa yeye. Mezani ikaja tisa, sita, mbili. Nikaweka dau. Akafuata. Nikaweka. Akafuata. Nikaweka mpaka karata ya mwisho, naye akalipa mpaka mwisho akiguna, akafunua jozi ya tisa.

Nilikivuta chungu kifuani kwangu polepole huku nikimtazama machoni.

Aone jinsi inavyokuwa.


Ijumaa, 5 Machi

Siku mbaya. Naandika na kalamu inatoboa karatasi.

Yule fundi mapaa alikuja kukaa kiti cha sita. Leland akamwambia hama hapo, kaka, hicho kiti hakina heri. Jamaa akauliza kwa nini. Naye akasimulia! Kama anasimulia habari ya bomba lililopasuka! Mzee wa Kijapani alifia hapo Novemba, katikati ya mchezo.

"Na chungu kilikwenda kwa nani?"

"Kwangu." Hakupepesa jicho. "Karata zake zilianguka chini. Karata ikigusa sakafu imekufa. Ndiyo sheria."

Phuong alikuwa anachanganya karata. Mikono yake ikasimama kidogo, ikaendelea.

Mgawo uliofuata nilikuwa na ree na kumi. Mezani ree, nane, tano. Nikaweka dau, Leland akafuata. Karata ya nne haina maana kwa mtu yeyote. Nikaweka tena — akaongeza. Nikaongeza juu yake. Akaongeza. Nikaongeza tena, nikagonga chipu mezani kama napigilia msumari. Sikuwa naziona karata. Nilikuwa naona sakafu, na Mits, na mikono minene ya huyu mtu ikivuta.

Alikuwa na nane mbili mkononi. Nane tatu! Tangu zile karata tatu za kwanza nilikuwa chini yake, nami nikamjazia chungu kwa mkono wangu mwenyewe.

Araxie aliningoja kwenye maegesho.

"Pale uliongeza karata au uliongeza hasira?"

Nikamwambia haimhusu. Hakuondoka. Akasema kabla ya kuongeza mwishoni, jiulize nani atakulipa. Kama atakayelipa ni yule tu mwenye karata za kukushinda, fuata tu. Na kama mtu anadanganya, usimwongezee — atatupa, atakimbia, hutapata kitu zaidi. Mfuate. Mwache aendelee kudanganya kwa hela yake.

"Unamchukia kwa nini?" akauliza akifungua mlango wa gari lake.

"Kijiti chake cha meno."

Akanitazama. Hakuamini.


Jumapili, 7 Machi

Binti yangu Joyce kapiga simu. Amesikia kwa watu wa kanisani kwamba nakwenda klabu. Mama, baba amefia kule na wewe unakwenda kule? Nikamwambia ndiyo maana. Akalia. Nikakata simu.

Viatu vya Mits bado viko mlangoni. Sivigusi.


Jumanne, 9 Machi

Nimemkamata!

Kumi mbili mkononi. Mezani malkia, saba, nne. Leland akaweka dau kifua mbele. Nilitaka kuongeza, vidole viliwasha. Nikajiuliza: ana malkia? Kama anaye hatatupa, nami nitakuwa namlisha. Hana kitu? Nikiongeza atakimbia. Basi fuata, Hisako. Nikafuata. Karata ya nne, akaweka. Nikafuata. Ya tano, akaweka, na safari hii alizitupa chipu kwa kelele — mtu mwenye karata hapigi kelele vile.

"Mama Nafuata, utafuata?"

"Nafuata."

Sita na tano! Hana hata jozi! Alikuwa anangoja tatu au nane ili apate tano zinazofuatana, hazikuja. Meza ikalipuka. Fundi mapaa akapiga kofi paja lake, akasema jina la bibi linamfaa sana. Leland akazirusha karata zake, moja ikampiga Phuong shavuni.

"Samahani, Phuong," akasema. Kwa sauti ndogo, kama mtu mwingine kabisa. Phuong akaitikia kwa kichwa, akaziokota.

Hilo sikulipenda. Sitaki awe na samahani ndani yake. Nataka awe mbwa mchana kutwa.


Jumatano, 10 Machi

Sikwenda. Mvua. Nimekaa jikoni nagawa karata mezani peke yangu, migawo miwili, wangu na wa Leland. Wake nautupa kila mara. Upuuzi mtupu.

Nimeamua. Ijumaa nitamwambia mimi ni nani. Lakini siyo bure bure. Ngoja nipate karata ambazo hawezi kuzishinda. Kwanza nimkamue, halafu nimwambie. Mbele ya wote.


Ijumaa, 12 Machi

Niko mkahawani, ndani ya klabu. Saa tisa kasoro dakika kumi na mbili. Naandika haraka haraka, chai imepoa. Chipu zangu bado ziko mezani.

Nilipewa tisa mbili. Leland akaongeza, wengine wakatupa, nikafuata. Mezani — mfalme, tisa, nne. Tisa tatu! Akaweka dau. Nikafuata tu, uso wa kibubu. Karata ya nne, mbili. Akaweka. Hapo ni dola kumi na mbili — nikaongeza. Akanitazama, akafuata. Karata ya tano: mfalme mwingine. Nyumba kamili! Tisa tatu na wafalme wawili. Naye akatangulia mwenyewe kuweka dau, maana yake huyo mfalme kampenda.

Safari hii haikuwa hasira. Nilihesabu. Mwenye mfalme mmoja atanilipa, na wa kunishinda ni wachache mno. Nikaongeza. Akaongeza. Wawili mkibaki mwishoni kuongeza hakuna kikomo pale. Nikachukua chipu nyingine, nikazipanga mbele, nikasema:

"Naongeza. Na hii ni ya Mits Tanimura. Mume wangu."

Nilitaka uso wake uanguke. Haukuanguka! Alikitoa kijiti mdomoni. Wiki mbili, mara ya kwanza.

"Nilikujua siku ya kwanza, Hisako."

Jina langu mdomoni mwake!

"Alikuwa anaegemeza picha yako kwenye chipu zake. Ile umevaa kofia ya kuvulia samaki."

"Na bado ukanicheka? Mama Nafuata? Ulikuwa unajua?"

"Nilitaka ukasirike uondoke. Hapa si mahali pako."

"Wala chungu cha mume wangu hakikuwa chako!"

Araxie kashika glavu zake. Leland akawa anaongea na karata zake, siyo na mimi. Anasema Mits alikuwa na rangi ya jivu saa nzima. Anasema alimwambia mara tatu, inuka twende hospitali, nitakuendesha mimi. Anasema Mits alimjibu: tupa au fuata, acha porojo.

"Nikaongeza. Sikuwa na kitu mkononi, Hisako, Mungu shahidi wangu. Niliongeza ili atupe, ainuke twende. Akafuata. Nikaongeza tena. Akafuata. Kila nilipoongeza, akafuata."

"Muongo."

"Mwishoni akacheka. Akasema, 'Nafuata.' Halafu akaanguka."

"Muongo wewe! Muongo!"

Msimamizi wa ukumbi akaja mbio, akasema tucheze au tunyamaze, moja kati ya hayo mawili. Leland akasukuma dola kumi na mbili za mwisho. Akafuata. Nikafunua nyumba yangu. Akafunua mfalme na malkia, akazisogeza kwa Phuong polepole, hakuzirusha.

"Muulize yeye," akasema. "Siku ile aligawa yeye. Alikuwepo."

Phuong akanisukumia chungu. Hakuinua macho.

"Natoka saa tisa, dada," akasema.

Nikainuka. Sikukivuta hata hicho chungu. Kiko pale pale, kilima kizima.

Atakuwa anadanganya. Kudanganya ndiyo kazi yake, nimemwona Jumanne na sita na tano zake. Na kwa nini alizichukua zile chipu, kama alikuwa na huruma hiyo? Kwa nini hakuja mazishini? Kwa nini hakunipigia simu? Maua tu! Maua meupe na kadi yenye jina lake tu, bila neno lingine!

Lakini "acha porojo". Hilo ni neno la Mits. Aliniambia mimi hivyo miaka thelathini na minne. Nikisema pwani kuna upepo, vaa koti — acha porojo. Nikisema nenda kapime kifua — acha porojo.

Saa nzima! Simu ya ukutani iko hatua kumi kutoka kiti kile, nimezihesabu sasa hivi. Na mimi nilikuwa nyumbani na wali. Alikuwa na saa nzima, na picha yangu mbele yake, na kila alipoulizwa akafuata.

Nikimtoa Leland, nimchukie nani?

Hapana. Amedanganya. Lazima awe amedanganya.

Saa tisa kamili. Leland yuko meza ya dirishani, peke yake, sandwichi haijaguswa. Hanitazami. Phuong ametoka ukumbini, amevua fulana ya kazi, ameibeba mkononi. Amesimama mlangoni anatafuta.

Ameniona. Hapana — amemtazama yeye kwanza. Kwanza yeye! Leland ametikisa kichwa, kidogo sana. Ndiyo? Hapana? Sikuona vizuri. Phuong naye amesimama pale pale, fulana kaikunja kifuani, kama mtu aliyeambiwa asiseme na anayetaka kusema.

Sasa anakuja. Anavuta kiti.