Mtawa wa Tano

Chiang Mai, 2 Juni

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima huku chuoni. Kifua chako je, mvua hazijakisumbua? Habari zimenifikia: ofisi ya wilaya yataka hekalu letu lifungwe, mfereji ufukiwe, barabara ipite mlangoni petu, kisha hayo yaitwe maendeleo. Sisi ambao bibi zetu walizaliwa juu ya maji kabla Bangkok haijajua lami, tufukiwe kama taka? La, hasha. Mwezi ujao nitapanda jukwaani, nami nitanena hadi kuta za ofisi yao zisikie. Msihame.

Mwanao,
Phuwadon

Bang Lamut, 15 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kimetulia, na ndizi zangu za kuchoma zinaisha mapema. Niliwasomea majirani maneno yako wakapiga makofi. Kisha shangazi yako Lamduan akasema, "Huyu ana midomo ya watu kumi. Sisi tumepungukiwa kichwa kimoja kilichonyolewa."

Tukacheka, halafu tukawahesabu watawa. Tangu Mtawa Sombun afariki, wamebaki wanne. Sheria unaijua: wasipokuwa watano waliokaa mafungo yote ya mvua, hekalu haliwezi kupokea joho la mwaka, lile waumini huwaletea watawa mvua zikiisha, na wilaya imesema hekalu lisilopokea joho limekufa. Mafungo yanaanza katikati ya Julai, na vijana wa mtaa wamehamia mbali.

Mimi sikuombi. Utawa wa kusukumwa hauna thawabu.

Mama

Chiang Mai, 27 Juni

Mama,

Shikamoo. Kwa kuwa nakuheshimu, nitasema wazi. Wenzangu wamenichagua niwe sauti yao. Miezi mitatu ya kimya, huku tingatinga zikinguruma, ni zawadi kwa adui. Haki hudaiwa kwa kusimama, si kwa kuketi mkekani na macho yamefumbwa. Nisamehe.

Mwanao

Chiang Mai, 8 Julai

Mama,

Shikamoo. Hotuba ile wako wengi wawezao kuitoa. Jukwaa nimemwachia mwenzangu Ratri, anishindaye kwa ukali. Lakini hakuna hata mmoja wao aliye mwana wa Bang Lamut. Mwambie shangazi anoe wembe wa kuninyoa.

Phuwadon

Bang Lamut, 30 Oktoba

Mheshimiwa Mtawa,

Nakuinamia. Je, mwili wako una afya? Nauliza kwa barua, kwa mkono wa mjomba Chuai, maana mwanamke hazungumzi faraghani na mtawa, hata yule aliyemzaa. Msimu mzima wewe umepita na mtumbwi alfajiri ukipokea sadaka, nami nimetia wali bakulini mwako bila kukuita jina. Ulimi umeniwasha kweli.

Jana, joho lilipoletwa, mitumbwi ya watu iliziba mfereji ukingo hadi ukingo. Bwana mmoja wa ofisi ya wilaya, aliyekuja kuhakiki, akaomba apishwe. Lamduan akamwambia, "Si ulisema huu mfereji hauna watu? Basi pita." Ikambidi asubiri. Akawaona mmeketi watano, wewe wa mwisho, shingo imenyooka, na joho likapokelewa mbele ya macho yake. Asubuhi hii vibarua wake wameng'oa vigingi vyote vya barabara walivyopigilia kando ya nyumba zetu.

Ukitaka kuvua joho urudi chuoni, au ukitaka kubaki, hilo ni lako. Ila ujue hili: jana nilipopiga magoti mbele yako, nilijiona mrefu kuliko mnara wa hekalu.

Aliyekuzaa