Nilimhesabia Mjukuu Wangu Miezi kwa Uzito Wake

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ila kwanza naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanionea huruma, maana nikianza na machozi utadhani mimi ndiye niliyeonewa, kumbe mimi ndiye niliyeonea. Ni mama mtu mzima, mjane, fundi cherehani kwa miaka thelathini na moja sasa, kibanda changu kiko mbele ya nyumba yangu, na mtaani wananiita Jicho kwa sababu mteja akiingia tu mlangoni nimeshamjua kiuno na kifua kabla sijashika futi ya kupimia. Jina hilo nililionea fahari miaka yote. Siku hizi mteja akiniita hivyo nainamisha kichwa, najifanya natunga uzi.

Nina mtoto mmoja tu, wa kiume, ni fundi wa zile nyaya kubwa za umeme zinazopita kwenye minara mirefu, kazi inamweka mbali miezi mitatu, minne, halafu anarudi nyumbani wiki chache na kuondoka tena. Alioa mwalimu wa chekechea, msichana mwembamba, mpole, anayecheka kwa kuziba mdomo, gauni lake la harusi nilimshonea mwenyewe na kiuno chake nakijua mpaka leo kwa inchi. Waliishi kwangu, chumba cha nyuma. Alipopata mimba nilifurahi mno nikamshonea magauni mapana, lakini mshauri, lile tumbo lilinishangaza, la miezi mitano lilikuwa kama la saba, nikafumua mishono mara tatu, na kila nikifumua nilikuwa nahesabu kichwani bila kumwambia mtu.

Na si kwamba sikuambiwa. Siku moja alitoka kliniki akaja kukaa kwenye benchi la wateja, akanieleza kuwa wamemkuta na sukari, ile ya ujauzito, anatakiwa achunge chakula na ajitoboe kidole kila siku kupima, na kwamba mtoto anakua haraka kuliko kawaida, huenda wakamtoa mapema kwa upasuaji. Akaniomba nisimwambie mumewe kwa simu, asije akawaza hayo akiwa juu ya mnara, atamweleza mwenyewe akirudi. Mimi nikacheka. Nikamwambia sukari ni ya wazee, vijana wa siku hizi mnapenda magonjwa, nikamtilia chai yenye vijiko vitatu nikamwambia kunywa, unakula kwa ajili ya watu wawili. Alikunywa nusu kikombe kwa kuniheshimu tu.

Siku ya upasuaji mwanangu alifika mkewe akiwa ameshaingizwa ndani, tukakaa wote nje ya wodi mpaka nesi akatoka kutuambia ni msichana, kilo nne na gramu mia nane. Manesi walimwita Bosi palepale, kwa sababu alikijaza kile kitanda kidogo kutoka pembe hadi pembe na mashavu yamekaa juu ya mabega. Nilikuwa nimekuja na mfuko wa nguo kumi na moja, nimeshona kwa jicho, saizi ya mtoto mchanga, na hata moja haikumtosha, mikono ilikwama kwenye viwiko. Mama mmoja wa kitanda cha jirani akacheka akasema huyu kaja na umri wake. Nikacheka naye, lakini neno lile liliniingia na halikutoka. Nikahesabu vidole nikiwa nimeficha mkono ndani ya mfuko wa nguo: tangu siku mwanangu alipoingia mlangoni na begi lake kutoka kazini hadi siku ile ilikuwa miezi minane na siku tano. Mtoto wa miezi minane mimi namjua saizi yake. Nikajiambia huyu ni wa miezi kumi, na miezi kumi nyuma mwanangu alikuwa minarani.

Laiti ningemeza mate nikanyamaza. Nilimvuta mwanangu hadi kwenye ngazi za hospitali nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimezaa, na nimeshonea watoto wa mtaa mzima. Yule si mtoto wa miezi minane. Hesabu mwenyewe." Akanitazama, akaniuliza kama madaktari walisema lolote kwa nini mtoto ni mkubwa hivi na kwa nini wamemtoa mapema. Nikamwambia sijui. Mshauri, nilijua. Niliona ile sukari ni kisingizio cha msichana mwenye siri, nikajipa uhakimu, nikasema sijui.

Akaingia ndani. Mkwe wangu alikuwa na mshono mbichi, hata kukaa hajaweza, Bosi amelala ubavuni kwake, na mwanangu akasimama pale akamuuliza huyu mtoto ni wa nani. Mimi nilikuwa mlangoni na mfuko wangu. Yule binti hakumjibu, alimpita kwa macho akanitazama mimi, akasema, "Mama, mwambie." Basi, maneno hayo mawili. Nami nikainama nikaanza kukunja zile nguo ndogo, moja moja, kama mtu aliyeitiwa kazi hiyo. Nilipoinua uso alikuwa ameshageukia ukutani.

Aliporuhusiwa, dada yake mkubwa alikuja kumchukua, wakaondoka na Bosi amefungwa shuka kwa kuwa nguo ya kumtosha haikuwepo. Baadaye alimweleza mumewe habari za sukari kwa simu, mwanangu akaja kuniuliza kama niliwahi kusikia jambo hilo, nikasema mbona hakuwahi kuniambia, kwani nilikuwa nimeshasema sijui na niliona aibu kurudi nyuma. Akamkatia simu. Na kana kwamba hayo hayatoshi, niliwanong'oneza wateja wawili, na wateja wawili wa fundi cherehani ni sawa na mtaa mzima.

Sasa imepita miezi saba. Mwezi uliopita macho yalianza kuona ukungu, uzi haupiti kwenye tundu la sindano, kiu haiishi, miguu inawaka moto, nikaenda kupimwa nikaambiwa ni sukari. Nesi akawa ananiuliza maswali huku anaandika, akafika kwenye swali moja, mama, katika uzazi wako kuna mtoto aliyezaliwa mkubwa kuliko kawaida. Nikajibu kwa majivuno, kama ninavyojibu siku zote, kwamba mwanangu alikuwa na kilo nne na nusu na wakunga waliitana kuja kumtazama. Nesi akasema huenda dalili ilikuwepo tangu enzi hizo, ila hukupimwa. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama mtoto wa miezi minane anaweza kufika karibu kilo tano. Akanijibu, "Mama yake akiwa na sukari, anaweza. Sukari haingoji miezi itimie."

Nilirudi nyumbani nikafungua droo ya cherehani. Siku mkwe wangu na dada yake walipopita kwangu kuchukua vitu, kadi yake ya kliniki ilisahaulika chumbani, nami niliitia humo chini ya vifungo na sikutaka hata kuifunua. Imeandikwa yote, sukari yake wiki kwa wiki, na kwa wino mwekundu wameandika mtoto mkubwa, ajifungue mapema kwa upasuaji. Miezi saba nimeshonea watu juu ya kadi ile.

Mwanangu anarudi baada ya wiki tatu. Ameniambia anakuja kumaliza mambo ya talaka, na kule kazini kuna mpishi wa kambi ambaye ameshaanza kuzungumza naye mambo ya kuoana. Akaniambia, "Mama, bila wewe ningelea mtoto wa mtu." Ananishukuru, mshauri, na kila akinishukuru natamani ardhi inimeze. Nikimwambia kweli nitampoteza, na sina mwingine. Nimefikiria niiache kadi juu ya kitanda chake kama iliyookotwa wakati wa kufagia. Nimefikiria nimwombe yule nesi ampigie. Au ninyamaze tu niwe namtumia Bosi nguo kwa siri kupitia kwa dada mtu, nimeshashona kumi na nne, nakisia tu, kwa kuwa sijamwona tangu siku ile. Nifanye nini?

Ni mimi, Jicho.

MSHAURI ANAJIBU

Mama fundi, nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoagiza. Pole kwa maradhi. Pole hiyo ni ya sukari peke yake, yaliyobaki tutayazungumza kwanza.

Kukosea hesabu nakusamehe. Wengi wanaamini mtoto mkubwa lazima awe ametimiza miezi, na hawajui kuwa kliniki huanza kuhesabu tangu mama alipoona siku zake mara ya mwisho, wiki mbili hivi kabla mimba haijashika. Miezi yako minane na siku tano kwao ni wiki thelathini na saba na ushei, na huo ni wakati ambao madaktari huweza kabisa kumtoa mtoto wa mama mwenye sukari. Hata kile kikombe cha chai, usikibebe kama ndicho kilichomnenepesha Bosi. Ulimdharau mgonjwa, hilo ni kosa lako, lakini nakuona unataka kujilaumu kwa chai ili usijilaumu kwa lile la mlangoni.

La mlangoni ndilo hili. Mwanamke aliyepasuliwa, asiyeweza hata kuinuka, aliulizwa swali baya kuliko yote, na katika chumba kile, mbali na yeye, mtu mmoja tu alikuwa na jibu. Akakuomba. Ukakunja nguo. Hapo hukukosea saizi, mama. Ulijua, ukanyamaza, na ulipoulizwa mara ya pili ukadanganya tena kwa kuogopa aibu. Sasa unaniuliza kama uendelee.

Njia zako tatu zote sizitaki. Kadi ikiokotwa kitandani, itakuwa kadi ndiyo imetubu, wewe umefagia tu. Nesi hakuwepo mlangoni, hana la kushuhudia. Na nguo za siri ni za kukutuliza wewe roho, mtoto hazimpi baba wala mama yake hazimrudishii jina.

Fanya hivi. Leo mpigie mwanao umwambie asisaini karatasi yoyote na asimwahidi yule mpishi lolote mpaka akae na wewe. Usimweleze zaidi kwa simu, yuko juu ya minara, na mkewe huyohuyo mliyemtukana ndiye aliyekuwa wa kwanza kulifikiria hilo. Siku atakayofika, kabla hajavua viatu, mpe kadi mkononi kwanza, ndipo useme. Ukianza kusema kabla ya kadi utaikata hadithi ikutoshe, nawajua mafundi. Na neno lako la kwanza liwe "nilijua". Usilie mbele yake mpaka amalize kusoma, maana akikuona unalia ataanza kukubembeleza wewe, na zamu ya kubembelezwa si yako.

Atakasirika. Huenda akakaa miezi hajakanyaga kwako. Vumilia, ni haki yake, na mkwe wako amevumilia saba bila kosa. Mwanao naye ana lake la kujibu, kwa kumuuliza mkewe swali lile kitandani na kumkatia simu, lakini hilo atalijibu yeye, usimsaidie. Habari za vipimo vya damu vya kujua baba wa mtoto usizitamke kabisa, hao wawili wakitaka watajua wenyewe, na wewe huna tena haki ya kudai ushahidi kwa mtu. Wale wateja wawili waite kwenye benchi lilelile, uwaambie kwa sauti yako ya kila siku, si kwa kunong'ona, kwamba ulimzushia mkweo.

Kisha nenda kwa dada mtu. Huendi kumrudisha mkweo, kurudi au kutorudi ni uamuzi wake, na mimi katika nafasi yake ningefikiria sana. Unakwenda kumwambia usoni lile ulilopaswa kulisema mlangoni. Mwulize pia kama alirudi kupimwa sukari baada ya kujifungua, kwa sababu aliyeipata akiwa mjamzito anatakiwa aendelee kupimwa hata akijiona mzima, na sasa wewe unaijua ilivyo. Na zako, kunywa dawa kwa saa, chakula fuata ulivyoelekezwa.

Zile nguo kumi na nne ziache nyumbani. Umeshamshonea mtoto huyu mara mbili kwa kukisia, na mara ya kwanza aliondoka hospitali amefungwa shuka. Chukua futi yako tu. Ukimaliza kusema, mwombe mama yake ruhusa ya kumpima Bosi. Akikubali, mpime taratibu, uandike. Akikataa, ikunje futi, mshukuru, urudi nyumbani, na usimshonee mtoto huyo hata kofia mpaka siku mama yake atakapokuita.