Bei ya Rangi ya Mafuta

Kaka yangu mpenzi,

Sabuni imefika, ahsante, ila usitume tena. Siku hizi sabuni ipo dukani, na hela yetu hii hii inainunua.

Unamkumbuka muuza nyama wa mtaani kwetu? Wakati wa vita bei aliiandika kwa chaki, akiifuta na kuipandisha huku sisi tuko kwenye foleni. Sasa kaiandika ukutani kwa rangi ya mafuta, kama mtu asiyetarajia kuifuta!

Jana Mama aliikwaruza kwa ukucha, akaona haitoki, akasema, "Haya, nipunguzie."

"Mama, si unaona bei imeandikwa?" muuza nyama akamwambia.

"Kwani nimekuja kusoma?"

Foleni nzima ilicheka. Mimi niligeuka nikafuta machozi. Tangu tumzike Baba, Mama alikuwa akilipa chochote anachotajiwa, kimya kimya, kama mtu asiye na kesho.

Alipunguziwa, lakini tulipofika nyumbani tukafungua kifurushi, mifupa mitupu! Kesho anarudi kumtolea uvivu, na nguo ya kwendea ameshaipiga pasi.

Ni mimi, mdogo wako.