Nimempaka Muuaji Uso wa Mume Wangu

Mpendwa Bi Opal, naomba msaada wako upesi, na tafadhali jina langu lifiche gazetini, maana mji wetu huu wa mahindi ni mdogo na mimi nimefanya jambo ambalo nikilifikiria nacheka, kisha najifunika aproni usoni, kisha nacheka tena.

Mume wangu Vernon ni chale, wale wa pua nyekundu na viatu vikubwa wanaochekesha watoto kwenye sherehe za kuzaliwa na wodini, na katika chama chao uso anaojipaka chale ni mali yake mpaka anazikwa, wanauchora kwenye ganda la yai na yai linafungiwa ndani ya kabati la kioo pale ukumbini, na anayeiga uso wa mwenzake hufukuzwa na hasalimiwi tena hata kanisani, na mimi ndiye ninayempaka Vernon kila Jumamosi tangu tuoane kwa sababu bila miwani haioni hata pua yake mwenyewe.

Sasa mtoto wa kaka yangu, Cody, ametengeneza sinema ya machale wanaochinja watu shambani, sinema ya kuungaunga tu, damu ni shira ya mahindi iliyotiwa rangi mpaka sisimizi wakatufuata ndani ya gari, utumbo wa maiti ni soseji ambazo jioni tulizikaanga tukala, na Vernon hakuipenda tangu mwanzo, anasema sinema za namna hii ndizo zilizowaharibia kazi, siku hizi akiingia wodini kuna watoto wanajifunika shuka. Akaniambia, "Mke wangu, mtoto akishaiogopa pua nyekundu, humrudishi. Nenda kamsaidie kijana wako, lakini uso wa mwanachama yeyote usiguswe." Nikamwahidi.

Siku ya kwanza mpakaji hakutokea, Cody akanishikisha brashi, na kwenye kiti akakaa muuaji mkuu, ambaye ni Lyle muuza bima, yuleyule ambaye Vernon hajamsamehe mpaka leo kwa kunipeleka kwenye dansi ya shule kabla yake, basi nikaanza kupaka huku tunapiga soga, na kwa kuwa maishani mwangu nimepaka uso mmoja tu, mkono ukaenda wenyewe, weupe, nyusi za kupanda, chozi la buluu chini ya jicho la kushoto, na nilipoinua kichwa Vernon alikuwa ananitazama, ila ameshika shoka.

Nilikuwa na kitambaa mkononi, Bi Opal, ningeweza kufuta, na Lyle mwenyewe alijitazama kwenye kioo akanikonyeza kwa sababu aliutambua, lakini Cody akasema, "Shangazi, usiguse kitu tena. Tulikuwa tunaitafuta sura hii mwezi mzima," na wote wakanipigia makofi, mimi ambaye miaka yote hii hakuna aliyewahi kuuliza nani anampaka Vernon, basi nikaweka kitambaa chini, na siku zilizofuata nikampaka Lyle vilevile na nikamwongezea meno.

Sinema inaonyeshwa Jumamosi hii kwenye ule uwanja ambao watu hutazama sinema wakiwa ndani ya magari yao, na Vernon moyo umemlainika kwa ajili yangu, amealika chama kizima waje wamejipaka, wakae mbele kabisa ili mji uone tofauti ya chale wa kweli na wale wachinjaji wa Cody, na mimi ndiye nitakayempaka mchana huo. Nimwambie, nijifanye mgonjwa, au nikate waya wa mashine ya sinema?

Mimi,
Brashi Imeniponyoka

*

Mpendwa Brashi,

Haikukuponyoka. Siku ya kwanza nakusamehe, mkono una mazoea yake. Lakini yale meno uliyaongeza kwa akili timamu, na mkono hauwezi kusingiziwa meno.

Nakuonea huruma, na nitakuambia kwa nini. Mumeo ana uso, ana yai, ana kabati la kioo, na wewe una mabaka ya rangi kwenye aproni. Siku moja umepigiwa makofi, ukayapenda. Hilo si kosa hata kidogo, na aone haya yeyote atakayekucheka. Kosa ni kwamba unataka kumpaka mumeo Jumamosi kwa mkono uleule, umkalishe mbele ya mji mzima, halafu uso wake utokee kwenye kitambaa cha sinema kikubwa kama ghala ukimkata mtu kichwa, tena umevaliwa na Lyle. Mama, hapo hata Cody mwenyewe asingefika.

Waya usiuguse. Ugonjwa usijifanye, utaletewa supu na wanachama wote. Mwambie, na umwambie yote: ahadi uliyoivunja, Lyle, meno. Umwambie hasa ile sehemu unayotaka kuiruka, kwamba ulifurahi. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Usimkumbushe soseji.

Kisha yeye ndiye aamue, si wewe wala Cody. Akisema uso wake usionekane, Cody atakusanya watu wake na kupiga upya picha za vipande vya Lyle akiwa amevishwa gunia la viazi kichwani. Linatisha vilevile na ni rahisi zaidi. Sinema ikichelewa wiki, hakuna atakayekufa, hata wale waliokwisha kuchinjwa. Lakini watoto wa wodini wakishauona uso wa Vernon na shoka, wao hawana gunia la kujificha humo.

Na mkishasameheana, kaa wewe kwenye kile kiti, umpe Vernon brashi na miwani yake, akutafutie uso wako. Utatoka umepindapinda, lakini utakuwa wako, na chama kikupe nafasi kabatini.

Jina nimelificha kama ulivyoomba. Lakini chale anayepakwa na mkewe kila Jumamosi kwenye wilaya yenu ni mmoja tu, na gazeti hili huanguka barazani kwenu kabla kahawa haijachemka. Kama mpaka mstari huu hujamwambia, geuka polepole. Huenda amesimama nyuma ya kiti chako, anasoma.

Msogezee kiti akae.

Bi Opal