Kwako Fundi, Nesi Wetu: Binti Yako Anakwenda

Mwaka umekatika, kaka, tangu homa uliyoipata wodini ukihudumia wagonjwa ituondolee wewe. Tumelia, tumenyamaza, tumelia tena. Leo hatuji kulia. Kuna maneno yanazunguka, nawe hukuwa mtu wa kuacha maneno yazunguke.

Wanasema ungebaki na gereji yako ungekuwa hai. Wanasema ugenini ndiko kulikokuponza, kukakutia kwenye unesi. Sasa binti yako naye amepata nafasi ya kwenda kujitolea nje, kwenye afya ya jamii kama wewe, na wanataka tumzuie.

Basi tuwakumbushe.

Uliondoka hapa fundi pikipiki, kucha nyeusi tii. Ulikwenda nje kujitolea, kutengeneza pikipiki za wahudumu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba. Unesi hata hukuuota. Siku moja mhudumu uliyempakia akakuta bibi ana kidonda kibaya mguuni. Akakwambia, "Fundi, nawa mikono uje ushike huu mguu." Ukanawa, ukanawa tena, grisi haitoki, akakuvalisha glavu. Lugha ya bibi hukuijua. Ulimshika tu, mpaka bandeji ikafungwa. Mkawa mnarudi kila wiki. Siku bibi alipotoka nje kuwapokea kwa miguu yake mwenyewe, ulitupigia simu unapiga kelele: "Dada, ametembea! Ametembea!" Tukadhani umezaa huko.

Uliporudi ukaingia chuo cha uuguzi, ukakaa dawati moja na watoto wa kuwazaa. Baba mkubwa akacheka: "Mwanaume mzima, unakwenda kutandika mashuka?"

"Ndiyo, baba mkubwa. Na lako nitalinyoosha vizuri."

Alipolazwa ukalinyoosha kweli. Hakutaka nesi mwingine amguse.

Na ufundi haukukutoka. Sista mkuu aliingia wodini akakuta miguu yako imechomoza chini ya kitanda, sare nyeupe imeshaharibika kwa grisi.

"Wewe nesi, unatibu mgonjwa au kitanda?"

"Vyote, sista. Kitanda kikipiga kelele, mgonjwa halali."

Hivyo ndivyo ulivyokuwa. Ulivuta kiti kwanza, ukakaa, ndipo ukauliza mtu anaumwa wapi. Nyumbani ulitunawisha mikono hadi viwiko kama tunakwenda kupasua mtu, kumbe tunakula tu.

Jumapili tulikaa kikao kuhusu binti yako. Baba mkubwa, huyo huyo wa shuka, akauliza, "Mnataka tumzike na huyu?" Mtoto ameinamisha kichwa, machozi yanamdondoka mapajani.

Mama ndiye aliyesema. "Mwanangu aliugua, akafa. Pikipiki haziui? Waliokaa nyumbani hawafi? Mtoto atakwenda. Anayetaka kumzuia aanze na mimi."

Mkeo akanyanyuka, akaingia chumbani kukunja nguo za safari.

Anaondoka Jumamosi, kaka. Hatukuombi ruhusa, tunakupa taarifa. Akirudi anataka kuwa nesi, awe. Akirudi anataka kuwa fundi pikipiki, tutamnunulia spana. Lakini asitokee mtu wa kutuambia maisha yako yalikuwa kosa. Waliosimama kwa miguu yao kwa sababu yako wapo, wanapita barabarani, waulizwe wao.

Tunaokukumbuka: mama yako, mkeo, binti yako, mimi dada yako, na baba mkubwa, ambaye bado amenuna lakini ameshasema begi la mtoto atalibeba yeye.

Hatutakusahau kamwe, na hatutakuonea haya hata siku moja.